Fundi Mizani na Fomu ya Visanduku Viwili

Kwetu siku huanza na mlio wa vyuma. Mimi ni fundi mizani. Kila asubuhi natoa mawe yangu ya kupimia sandukuni, nayafuta kwa kitambaa kikavu, kisha nayapanga kwenye begi. La kilo tano linakaa chini, la gramu hamsini linakaa juu. Nayafuta hata yakiwa masafi. Mke wangu husema mawe yale nayaogesha kuliko ninavyojiogesha mwenyewe.

Watu wananiita Gramu. Napita madukani, buchani na kwenye maghala. Nakagua mizani, natengeneza zilizoharibika. Nikikuta mizani inadanganya kwa gramu tano tu, sibanduki hapo mpaka inyooke.

Mke wangu naye ana jina lake la kazini. Wanamwita Mkasi. Ni mkataji kwenye karakana inayoshona sare za shule. Washonaji wako kumi na wawili, lakini mkataji ni mmoja. Yeye asipokata, hakuna anayeshona.

Kwa miaka kumi na moja tulitoka nyumbani pamoja, mimi na begi langu begani, yeye na chaki ya bluu sikioni. Tukifika njia panda tunaachana.

"Haya Gramu, kapime dunia," ananiambia.

"Nawe kaikate," namjibu.

Tulicheka kila siku, kama vile utani ule tumeutunga asubuhi hiyo hiyo.

Sijui utani ulikwisha lini. Nakumbuka tu kwamba siku moja nilitambua hatutaniani tena. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Alikuwa akifunga mlango, anarudi kuhakikisha kama umefungwa, anafika njia panda, anarudi tena. Ukimwita ghafla anashtuka, mkono kifuani. Nikimuuliza ana nini, anasema amechoka. Nilimwambia apumzike Jumapili. Nilidhani nimemaliza kazi ya mume.

Kisha ikaja siku ya mikono ya kushoto.

Mkataji wa mashati hutandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, hata arobaini. Juu ya tabaka la mwisho huchora mkono wa shati kwa kufuata paterni, ile karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo lake. Akishachora mkono wa kushoto, lazima aigeuze ile paterni ili achore wa kulia. Ndipo anakata tabaka zote kwa mashine mara moja. Siku ile mke wangu hakuigeuza. Alichora, akakata, akafunga mafungu, akawapelekea washonaji mikono themanini. Yote ya kushoto.

Mshonaji mmoja aliuliza kama kuna shule imeandikisha watoto wenye mikono miwili ya kushoto. Watu wakavunjika mbavu. Mke wangu akakaa chini, sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa. Akalia mpaka wote wakanyamaza.

Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu, halafu akatuambia, "Hii ni sonona, pamoja na wasiwasi uliopita kiasi. Ni ugonjwa. Unamwondolea mtu usingizi, nguvu, hamu na umakini. Hakuutaka, wala hajidekezi."

Akampa dawa. Akampangia siku moja kila wiki ya kuzungumza na mshauri. Akasema apumzike kazi kwa muda.

Miezi miwili ikapita. Mke wangu akaanza kula kidogo, na kulala kidogo. Ndipo mwenye karakana akaja nyumbani. Tunamwita Mama Bosi. Ni mtu mwenye haraka, hata akikaa anakaa ukingoni mwa kiti. Mke wangu alikuwa amelala. Mama Bosi akanipa fomu.

"Fundi, mkeo simchukii," akasema. "Lakini oda za mwaka mpya wa shule zimeanza kuingia. Washonaji wananitazama usoni. Nimemwazima mkataji wa karakana nyingine, na mwisho wa mwezi anataka kujua kama abaki. Hii fomu ijazwe na watu wa afya. Kama anaweza kazi, arudi. Kama hawezi, nampa mwingine meza."

"Meza ya Mkasi?"

"Ninayo meza moja tu ya kukatia, fundi. Unaijua."

Nikaitazama fomu. Chini kabisa kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa ANAWEZA KAZI, kingine HAWEZI KAZI. Nilifurahi, ukweli nauandika. Nilijiambia hili ni jambo la kupima, na kupima ni kazi yangu.

Nikanunua daftari. Kila siku niliandika mke wangu amefanya nini, saa ngapi, na alama zake kati ya kumi. Kuosha vyombo, alama nne. Kufua, alama tatu. Kukaa kitandani mpaka saa tatu asubuhi, sifuri. Siku moja nilimpa magazeti ya zamani na paterni ya kola. Nikamwambia, "Kata, nione." Akakata. Alikata saa tatu mfululizo bila kuinua kichwa, na kola zikatoka safi. Nikaandika alama tisa. Nilirukaruka mle ndani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kesho yake hakuinuka kitandani.

"Jana uliweza," nikamwambia. "Leo umeshindwa nini? Jikaze."

Aligeukia ukutani. Naona aibu kuliandika neno lile hapa, lakini nililisema, na si mara moja.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, dada yake mkubwa. Yeye anafanya usafi kliniki. Alikuja kumjulia hali mdogo wake, akalikuta daftari juu ya meza. Akalifungua. Akanitazama. Akalifungua tena.

"Gramu, una akili timamu kweli? Unampa mdogo wangu alama kama mtoto wa darasa la pili?"

"Shemeji, napima kama anaweza kazi."

"Kwa kuhesabu sahani?" Akalitupa daftari kochini. "Kliniki yetu kuna dada, kazi yake ndiyo hiyo. Anampima mgonjwa pamoja na kazi yake. Huyo ndiye ajaze hiyo fomu, siyo wewe na mawe yako."

Tukapewa siku, Jumatatu. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumapili mchana kutwa nilimfundisha mke wangu majibu. Akiulizwa usingizi, aseme analala. Akiulizwa moyo, aseme umetulia. Nilimpigia pasi gauni la bluu. Nilimwambia atabasamu akiingia. Yeye aliitikia tu kila nilichosema.

Chumba cha yule dada wa kliniki, mtaalamu, kilikuwa kidogo. Kulikuwa na meza, viti vitatu, saa ya ukutani na dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi ikaning'inia kifuani. Aliipokea fomu, akaisoma, akaiweka pembeni kifudifudi.

"Karibuni. Mama, unalalaje siku hizi?"

"Analala vizuri," nikajibu.

"Na kula?"

"Anakula."

"Ukiwaza kurudi kazini, mwili unajisikiaje?"

"Yuko tayari," nikasema. "Hata kesho."

Mtaalamu hakukasirika. Alinigeukia mimi. "Na wewe, baba, unafanya kazi gani?"

"Fundi mizani."

"Mizani unaipimaje ukajua ni nzima? Mimi naona mtu anaweka jiwe tu, basi."

Hapo akawa amenigusa penyewe. Nikasogea mbele. "La, la! Jiwe moja halitoshi. Unaanza na mizani tupu, uone kama mshale uko sifuri. Unaweka mzigo mdogo, kisha wa kati, kisha mzito. Unaweka katikati, unaweka kila kona. Jiwe zito unaliacha juu kwa muda, kwa sababu springi iliyochoka hujikaza mwanzo, halafu inashuka polepole. Ukitoa mzigo, unaangalia kama mshale umerudi sifuri. Halafu unarudi siku nyingine, bila taarifa."

"Kwa nini bila taarifa?"

"Wenye maduka wajanja, dada! Wakijua nakuja, siku ya kuamkia ukaguzi wanaosha mizani, wanaipaka mafuta, wanaifunika kitambaa. Ukiikuta inang'aa hivyo, utasema mpya. Mimi hawanipati."

Nilikuwa nacheka peke yangu. Mke wangu akaongea kwa mara ya kwanza.

"Na jana umenipigia pasi gauni," akasema.

Kicheko changu kikakatika. Nilitazama gauni lake la bluu, mikunjo yake imenyooka. Mtaalamu akaiweka kalamu chini taratibu. Halafu nikamwona mke wangu, pembe za mdomo zinacheza. Alikuwa anacheka. Miezi ilikuwa imepita sijaona meno yake, na sasa ameyaonyesha kwa kunikamata mimi. Sikujua kama nijifiche chini ya meza au nimshukuru Mungu.

"Unataka mumeo abaki humu ndani, au atupishe?" mtaalamu akamuuliza.

"Abaki. Ila asijibu."

Nikabaki. Sikujibu.

"Nieleze jana," mtaalamu akasema. "Tangu ulipofungua macho."

Mke wangu akaanza. Alieleza kwa sauti ndogo, akisita, akiendelea. Alifungua macho saa kumi na mbili asubuhi. Mguu wake ulikanyaga sakafu saa mbili na nusu. "Mguu ni wangu," alisema, "lakini nikiuambia shuka, hausikii." Alisema dawa anayokunywa asubuhi inamfanya kichwa kizito mpaka saa nne. Kuanzia saa nne, akili inafunguka kidogo kidogo, na mchana anaweza hata kusoma. Watu wawili wakimsemesha kwa pamoja, kifua kinabana na mikono inatoka jasho. Alisema anayaogopa macho ya washonaji kuliko kisu cha mashine.

Nilimsikiliza nikiwa nimepigwa na butwaa. Nalala naye kitanda kimoja. Kumbe kila asubuhi, nikiwa nafuta mawe yangu, kando yangu kulikuwa na mtu anafanya kazi ya saa mbili na nusu, ya kushusha mguu mmoja tu. Na mimi nikaandika sifuri.

Kisha mtaalamu akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Umewahi kufikiria kufa, au kujidhuru?"

Niliruka kitini. "Dada, usimtie mawazo hayo!"

"Kuuliza hakumtii mtu mawazo, baba. Kama anayo, tunampa nafasi ya kuyatua." Akamngoja mke wangu.

"Mwezi ule wa kwanza," mke wangu akasema, "nilikuwa natamani nilale nisiamke. Siku hizi hapana."

Mtaalamu alimuuliza zaidi, bila haraka. Akatuambia mawazo yale yakirudi, asikae peke yake, aniambie, na tuje kliniki saa hiyo hiyo, hata bila miadi. Nilimshika mke wangu mkono. Ulikuwa wa baridi. Machozi yalinitoka mbele za watu, nami sikuyafuta.

"Kuna mtu ameandika siku zake zinavyokwenda?" mtaalamu akauliza.

Mke wangu akanionyesha kwa kidevu. "Ana daftari."

Nililitoa kama mwizi anavyotoa kuku. Mtaalamu alivaa miwani, akasoma kurasa zote. Nikasubiri nisutwe.

"Hizi alama zifute," akasema. "Lakini saa ulizoandika zinanifaa sana. Tazama. Asubuhi, hakuna kitu. Kuanzia saa nne, vyombo, kufua, kupanga. Kila wiki ni hivyo hivyo. Na tazama hii siku ya magazeti. Mama, kwa nini ulikata saa tatu bila kupumzika?"

"Alikuwa amesimama mlangoni anatazama," mke wangu akasema. "Nilitaka afurahi."

"Na kesho yake?"

"Nilikuwa nimekwisha."

Mtaalamu akanitazama. "Baba, uliuona mzigo mzito umebebwa, ukaandika tisa. Hukuangalia springi."

Yote niliyomweleza kwa majivuno dakika chache kabla, mke wangu sikumfanyia hata moja. Nilimpima kwa jiwe moja.

"Daftari sasa aandike mwenyewe," mtaalamu akasema, akamkabidhi mke wangu pamoja na kalamu. "Saa, ulichofanya, ulijisikiaje. Alama hakuna."

"Na fomu?" nikauliza. "Visanduku?"

"Siwezi kusema mtu anaweza kazi ambayo sijaiona. Wewe umewahi kumwona akikata?"

Miaka kumi na moja. Sikuwahi hata siku moja.

Alhamisi, saa nne, tulikuwa karakana. Mama Bosi alikubali, ingawa alitazama saa mara tatu tukiwa bado mlangoni. Mimi niliwekwa kando ya meza ya pasi, nikaambiwa nisifungue mdomo. Mtaalamu alisimama kwenye kona na karatasi zake. Mkataji wa kuazimwa akasogea akanywe maji.

Meza ya kukatia ilikuwa ndefu kuliko chumba chetu cha kulala. Mke wangu aliipitishia kiganja toka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayemsalimia mnyama wake. Kisha akavuta kitambaa.

Nitajaribu kueleza nilichokiona. Alitandaza tabaka la kwanza, akalilaza kwa ubavu wa mkono, na kila kikunjo kikakimbia mbele yake. Tabaka la pili, la tatu, la kumi. Kingo zikakaa juu ya kingo, hazikupishana hata kwa upana wa uzi. Akachukua chaki na paterni. Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Kola aliiingiza kwenye pengo la kwapa. Mfuko aliupachika kati ya bega na bega, kitambaa kisipotee bure. Alikuwa anaona mashati ndani ya kitambaa ambacho mimi nakiona kitambaa tu. Mstari wa chaki ulitembea bila kutetemeka. Alipofika kwenye mkono wa shati, akachora wa kushoto. Akasimama. Karakana nzima ikanyamaza, hata cherehani zikanyamaza. Akaigeuza paterni, akachora wa kulia.

Nilitaka kupiga makofi. Miaka yote ile nilidhani nimeoa mtu anayekata vitambaa.

Ndipo washonaji wawili wakamjia kwa pamoja, mmoja anauliza vifungo, mwingine mafungu. Mkono wake ukaenda kifuani. Akaweka chaki chini, akaenda dirishani, akavuta pumzi, akazishusha taratibu. Mtaalamu aliangalia saa. Dakika sita. Mke wangu akarudi, akaokota chaki pale pale alipoiacha.

Mwisho ikawa zamu ya mashine. Alivaa glavu ya chuma, iliyofumwa kwa pete ndogo ndogo za kuzuia kisu. Akaishika mashine. Niliziona pete za glavu zikigongana. Akaiachia.

"Kisu leo sikishiki," akasema.

Nikajua meza imekwenda. Nikamtazama mtaalamu, nikamkuta anaandika haraka haraka, uso wake umechangamka.

"Hilo nalo nilitaka kuliona," akamwambia Mama Bosi. "Anajua nguvu zake zinaishia wapi, na anasema kabla ya kuumia. Hilo limewashinda wazima wengi."

Siku tatu baadaye Mama Bosi alituita ofisini kwake. Mtaalamu alikuwepo. Fomu ilikuwa mezani, visanduku vyote viwili vitupu. Nyuma yake kulikuwa na maandishi, ukurasa mmoja na nusu.

"Mimi nilitaka ndiyo au hapana," Mama Bosi akasema. "Hii ni hadithi!"

"Majibu yote mawili yangekudanganya," mtaalamu akamjibu. "Nikikuandikia anaweza, utampa kisu saa mbili asubuhi, wakati dawa bado iko kichwani, ajikate. Nikikuandikia hawezi, utampoteza mtu anayechora vile tulivyomwona. Wewe umewahi kuona mwingine anayechora vile?"

Mama Bosi aliivuta fomu karibu. Akasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari. Wiki mbili za kwanza, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa nne mpaka saa saba. Atatandaza na kuchora. Mashine ataishika mtu mwingine, akifuata chaki yake. Maagizo yapitie kwa mtu mmoja, tena yaandikwe. Akibanwa kifua, atapumzika dirishani bila kuulizwa mbele za watu. Saa zitaongezwa kidogo kidogo. Kisu kitasubiri mpaka daktari aangalie upya saa za dawa. Baada ya wiki nne, wote wakutane tena wapime upya.

"Na siku akizidiwa?"

"Atakwambia. Ziko siku mbaya zitakuja, nisikufiche. Hazitamaanisha kwamba tumekosea."

Mama Bosi aliiweka fomu mezani. Kisha akamgeukia mke wangu, hakunigeukia mimi. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Mke wangu alifungua daftari lake, akalitazama, akalifunga. "Ile mikono themanini ya kushoto iko wapi?"

"Kwenye gunia, stoo. Niifanyie nini?"

"Nianze na hiyo. Nichore ya kulia."

Mama Bosi alimtazama mpaka nikaona macho yake yamelainika. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameegemea kiti. "Mkataji wa watu nitamrudisha kwao," akasema. "Lakini nani atashika mashine?"

Aliyejitokeza ni yule mshonaji wa utani wa watoto wenye mikono miwili ya kushoto. Alikuwa amewahi kukata zamani. Alisimama mlangoni, anazungusha kofia yake mikononi. "Dada Mkasi," akasema, "wewe chora. Mimi nitafuata chaki yako, sitatoka nje hata kidogo."

Wiki ya kwanza mke wangu alichora mikono themanini ya kulia. Ikakatwa, ikafungwa pamoja na ya kushoto, mafungu kwa mafungu. Wiki ya tatu akaongeza saa. Daktari akaihamishia dawa jioni, na asubuhi zake zikaanza kuwa nyepesi. Hakuiacha dawa, wala mazungumzo na mshauri.

Wiki ya tano siku mbaya ilikuja, kama tulivyoambiwa. Mguu ulikataa tena. Mimi nilikuwa nimeshika jiwe la kilo mbili. Neno "jikaze" lilinifika mpaka kwenye meno, nikalimeza.

"Nikusaidieje?" nikauliza.

"Kaa hapa tu."

Nikakaa. Mawe hayakufutwa siku ile. Saa tatu mguu ukashuka. Akaandika daftarini, akatuma ujumbe kazini: leo nitachora kwa muda wa saa mbili tu. Akaenda, akachora saa mbili, akarudi. Kesho yake alikuwa mezani kwa saa zake zote.

Nilikaa nikilitafakari jambo lile siku nzima. Nimeshika mizani za aina zote kwa miaka ishirini na mitano, nikaona mishale mingi ikitikisika na kurudi mahali pake. Sikuwahi kushangaa. Siku ile nilishangaa.

Mwezi wa tatu tangu arudi kazini, akashika kisu. Sikuwepo. Aliniambia jioni, tukiwa tunapanga vyombo, kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Leo nimekata." Nilidondosha sahani.

Shule zilipofunguliwa tulitoka nyumbani pamoja. Njia ilijaa watoto, mashati meupe tupu, wanakimbizana. Nilijikuta naangalia mikono yao. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Kati ya mashati yale kulikuwa na themanini yaliyobeba siku mbaya kuliko zote za mke wangu upande mmoja, na upande wa pili yakabeba wiki yake ya kwanza ya kurudi. Sikujua ni yapi. Hakuna ambaye angejua. Yalikuwa yamenyooka sawasawa.

Tukafika njia panda. Akapachika chaki sikioni.

"Haya Gramu, kapime dunia."

Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Mtu mzima na begi la vyuma begani, nimesimama katikati ya watoto.

"Umesahau jibu lako?" akaniuliza.

"Sijasahau."

"Basi sema, nitachelewa kazini."

"Nawe kaikate," nikasema.

Akacheka, akavuka barabara.